Matanga ya Mwarobaini Katikati ya Uwanja

Nakumbuka siku nilipofiwa na mti nikiwa nimevaa jezi. Usicheke bado, mwanangu, cheka nikimaliza. Nakuita mwanangu ingawa mimi mwenyewe sijafika thelathini, na mama yangu bado ananigombeza nikichelewa kurudi nyumbani. Lakini umeniomba neno kabla hujaingia chuo, na neno nililo nalo nilipewa na bibi mmoja pale Kilosa. Nakupa kama nilivyopewa, ila wewe hutaliliwa msiba mbele ya watu.

Nilikuwa mwaka wa kwanza. Mkuu wa chuo alitutangazia kwamba fainali za netiboli za vyuo, zile ambazo zingenikuta mwaka wa mwisho, zitachezwa ama kwetu ama kwa wenzetu wa Mikumi. Waandaaji walitaka uwanja unaotunza mazingira: miti ya kivuli, chupa zisizagae, na maji machafu yasituame nyuma ya mabafu. Wenzetu Mikumi wana tembo na watalii. Sisi tulikuwa na vumbi. Na mimi niliitaka fainali ile kwa sababu moja iliyozidi kombe. Baba yangu alikuwa na mguu mbovu usiomruhusu kusafiri mbali. Ikichezwa Kilosa angeniona, ikichezwa Mikumi angesimuliwa.

Tukapanda miti, na tulivyoipanda ungedhani ni harusi. Fulana mpya, ngoma, mgeni rasmi, picha. Kila mchezaji alipewa mwarobaini wake, na jina lake likaandikwa kwenye kipande cha bati kikafungwa shinani. Yote hayo yalifanyika katikati ya kiangazi. Mimi, ambaye tangu utoto sijapokea jambo bila kulichokonoa, nilikuwa nimenyoosha mkono mapema kwenye mkutano: "Mvua bado iko mbali. Maji ya kumwagilia yatatoka wapi?" Kisha mtu mmoja akapiga makofi, wengine wakamfuata, tukaingia kwenye suala la fulana.

Kuuliza si ujinga, mwanangu, na swali langu lilikuwa zuri. Nikakunja mikono, nikangoja wakati unithibitishe. Miti ikaanza kukauka. Kila uliponyauka mmoja nilipita nikisema, "Si nilisema?" Wa kwangu ulipokauka nao, nilisema hivyo hivyo.

Sasa, langoni mwa uwanja alikuwa anakaa Bibi Mwanakheri, muuza mihogo ya kukaanga. Yeye Msagara, mwenyeji. Babu yangu alikuwa Mnyamwezi aliyekuja kukata mkonge. Kwa hiyo tulikuwa watani, na mtani ana ruhusa ya kukucheka hata msibani, ruhusa ambayo hata mkuu wa chuo hana.

Siku wasichana wa Mikumi walipokuja kucheza nasi mechi ya kirafiki, tukiwa tunapasha misuli, tukasikia kilio kutoka langoni. Bibi na wenzake watatu walikuwa wamebeba mkeka, na juu yake kitu kimefunikwa kanga. Walitembea taratibu mpaka katikati ya uwanja, wakautua, wakaketi, wakanyoosha miguu. Mwamuzi akapuliza filimbi. Wakalia zaidi.

"Kafa mdogo jamani, hata jani la kujipepea hakuota!"

"Kafa kwa kiu, na mabafu yale pale!"

"Wafiwa wako wapi? Wameenda kupiga picha!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, wageni wakiongoza. Bibi akaifunua kanga. Alikuwa mwarobaini mkavu, na kwenye bati palikuwa na jina langu.

Nikamkimbilia. "Bibi, mnatuaibisha mbele ya wageni!"

"Na shikamoo nayo imekufa? Ilete tuizike humu humu, mkeka una nafasi."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Mnyamwezi. Pole na msiba. Marehemu aliugua nini?"

"Kiu. Lakini mimi niliuliza! Nilisema kwenye mkutano, maji yatatoka wapi?"

"Ukamuuliza nani?"

"Mkutano."

"Mkutano una ndoo?"

Nikachuchumaa kando ya mkeka. Bibi akaniinamia, masihara yakamtoka usoni.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Swali ni kama mtoto, ukishalizaa lilee. Wewe umelizaa, umelitupa mbele ya watu, halafu unazunguka kuwacheka walioshindwa kulilea. Baba yako hupita hapa langoni na fimbo yake, ananiambia anaingoja fainali ya binti yake. Unataka akaione wapi? Kwa wenzio wa Mikumi?"

Kisha sauti ikampanda tena, maana utani haujaisha mpaka mfiwa atoe chochote. "Maiti haitoki mkekani hivi hivi!" Nikaanza kupapasa mfuko. "Sitaki hela zako. Chimba kaburi."

Nikachimba pembeni ya uwanja, upande wanaokaa watazamaji, jezi ikiloa jasho, watu wakinihesabia majembe kwa makofi. Nahodha wa Mikumi akaja kunipokea jembe. Akaninong'oneza, "Na sisi yetu imekauka, dada. Usiwaambie." Tukamzika marehemu kwa heshima zote. Mechi iliishaje, nimesahau. Nakumbuka malengelenge.

Jioni ile niliuliza swali langu upya, safari hii kwa miguu. Nilikwenda nyuma ya mabafu nikaangalia maji tunayooga yanakokwenda, na yale wanayotawadhia wenzetu kwenye msikiti mdogo wa chuo. Yote yalikuwa yanaishia kwenye dimbwi moja, faida ya vyura. Tukachimba mfereji kutoka pale hadi kwenye miti iliyobaki. Maji ya sabuni sikuyaamini, tukayajaribu kwanza kwa mti mmoja tukaona unastawi. Miti ya mbali tuliizikia chupa tupu walizoacha watazamaji, tumezitoboa chini, tukawa tunazijaza maji yadondoke taratibu mizizini. Hivyo takataka ikapata kazi, na vyura wakahama. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na sisi tuliinama kweli.

Usidhani bibi alikuwa sahihi kwa kila kitu. Alitaka tupande mipapai. Nikamwambia mpapai hauna kivuli. "Aliyeshiba hatafuti kivuli," akajibu. Tulibishana wiki nzima, na hilo nilimshinda. Mvua zilipoanza tulipanda mwarobaini mpya mahali pale pale pa kaburi. Mpaka leo wanafunzi wakiagana kukutana uwanjani wanasema, "Tuonane Kaburini."

Nilipofika mwaka wa mwisho, fainali tulipewa sisi. Baba alikuja na fimbo yake na kiti chake, akakaa chini ya mwarobaini wangu, ambao kivuli chake kilikuwa kinamtosha mtu mmoja asiyejitanua. Punde Bibi Mwanakheri akafika na beseni la mihogo.

"Ondoka, Mnyamwezi. Umekalia kaburi la ndugu yangu."

"Huu ni mti wa binti yangu!" baba akasema.

"Wa binti yako ulikufa, mimi ndiye niliyeulilia. Huu umeota kwa machozi yangu."

Baba akacheka mpaka fimbo ikamponyoka, akasogeza kiti. Bibi akaketi kwenye nusu ya kivuli, beseni likakaa katikati yao. Mikumi walitufunga siku ile, tena kwa haki. Lakini kila nilipofunga goli nilisikia sauti mbili zikinishangilia kutoka upande ule, moja ikinitukana kidogo.

Kwa hiyo mwanangu, nenda chuo ukaulize. Uliza kwa nini taa za uwanja zinawaka mchana, chupa zinakwenda wapi mechi ikiisha, mti huu nani anaunywesha. Anayekwambia unyamaze usimsikilize. Ila ukishauliza, usikunje mikono kungoja wenzio waanguke ili uonekane uliona mbali. Shika ndoo, lifuate swali lako mpaka linakoishia, hata likikupeleka nyuma ya mabafu. Mti haukui kwa makofi, na haukui kwa "si nilisema" pia.

Mungu akujalie maswali yasiyokwisha na ndoo isiyovuja. Akupe na mtani mwenye mdomo, wa kukulilia msiba wa uongo mapema, kivuli chako kisije kikakauka kweli.