Viazi Baridi vya Kukhu

Jumapili iliyopita nilikuwa kanisani hapa Kitale, nimekaa benchi la nyuma karibu na mlango, kwa sababu mtu wa soko hukaa mahali pa kuona nani anaingia na nani anatoka. Padri kijana alikuwa anahubiri juu ya yule mtakatifu wa Ufaransa, paroko wa kijiji kidogo ambacho hakuna padri mwingine aliyekitaka. Alipofika mahali pa viazi, kwamba mtakatifu alikuwa anachemsha sufuria moja ya wiki nzima na kuvila baridi hata vikiota ukungu, kanisa lote likanyamaza kwa heshima. Mimi nikacheka. Mama aliyekaa kando yangu akanifinya paja. Nikainama, nikajifanya nakohoa, na nilipoinua kichwa machozi yalikuwa yananishuka, wala sikuwa na hakika tena ni ya kicheko.

Wewe hukumjua kukhu wangu, basi ngoja nikupeleke kwake.

Kukhu ni nyanya, kwa sisi Wabukusu. Boma letu lilikuwa upande wa Sirisia, pale ardhi inapoanza kupanda polepole kuelekea Mlima Elgon, na asubuhi ukungu ukiondoka ungeuona mlima umekaa pale kama mwenye shamba. Vita vya Wazungu vilikuwa vimeisha, na wanaume waliorudi walikuwa wakivaa makoti yao ya jeshi hata kwenye jua la saa saba. Mimi nilikuwa msichana mdogo, nalala kwa Kukhu, naamshwa na jiwe lake la kusagia wimbi. Kazi yangu ilikuwa kuchambua majani ya kunde na kuangalia ile chumvi yetu ya majivu ikichuruzika kutoka kwenye chungu kilichotobolewa, tone kwa tone, nyeusi kama chai. Mboga iliyopikwa kwa maji yale ilikuwa na harufu ambayo nimeitafuta katika kila jiko nililoingia tangu siku hizo. Sijaipata. Nimepewa nyingine za kufanana, kwa bei ya juu.

Kukhu alikuwa mke wa tatu wa babu, na alikuwa na shida moja. Hakuna mtu aliyekula kwake.

Miaka kabla sijazaliwa, mke mwenzake alikula mboga jikoni kwake, akaumwa tumbo, akafa kabla ya wiki kwisha. Daktari alikuwa mbali, Bungoma. Kukhu alikuwa hapa hapa. Watu wakachagua wa karibu wa kulaumu. Hakuna aliyemwambia usoni kwamba anaweka kitu kwenye chungu. Hapana, kwetu tuna adabu. Walianza tu kuwa wameshiba. Mgeni akifika, ameshiba. Jirani akitoka shambani tangu alfajiri, jasho mpaka kwenye kisigino, ameshiba. Na Kukhu alikuwa anapika kila siku kama mwenye wageni, kisha jioni anatazama njia, kisha anatuita sisi wajukuu. Nilinenepa kwa mashaka ya majirani.

Kilio chake kilikuwa hicho tu. Hakutaka ng'ombe, hakutaka shuka jipya. Alitaka mtu mzima mmoja, mwenye heshima, akae uani kwake mchana watu wakiona, anawe mikono, ale.

Akamchagua padri.

Padri wetu alikuwa Mholanzi mrefu mwenye ndevu zilizogeuzwa nyekundu na vumbi. Alitoka misheni kila mwezi kwa pikipiki, na tuliisikia ikikohoa ng'ambo ya bonde muda mrefu kabla ya kumwona. Misa ilisomwa katika darasa letu la udongo. Kukhu hakukosa hata mara moja, ingawa hakuwa amebatizwa. Mke wa tatu hangebatizwa babu akiwa hai; katekista, mwalimu wetu wa dini, alimwambia hivyo, naye akasema sawa, nitangoja. Akakaa katika darasa la mafundisho mwaka baada ya mwaka. Watoto alioanza nao walibatizwa, wakaoa, wakaleta watoto wao, wakamkuta bado yuko pale mbele, anajibu maswali kabla hayajaisha.

Kila padri alipokuja, Kukhu alichinja kuku. Na kila mara padri aliweka mkono kifuani, akainamisha kichwa, akasema, "Asante sana, Mama. Siku nyingine." Halafu pikipiki, vumbi, kwisha. Sasa, sababu ilikuwa rahisi. Siku zile sheria ya kanisa ilimkataza padri kula chochote mpaka amalize misa, naye baada yetu alikuwa na misa nyingine Cheptais. Alikataa chakula cha kila boma, si chetu peke yetu. Katekista alijua hivyo. Lakini katekista alipenda kujua vitu peke yake.

Jirani yetu, mama mmoja mwenye sauti ya kufukuza nyani, akasema kutoka ng'ambo ya uzio, "Wee! Hata mzungu ameambiwa!"

 Kukhu aliendelea kunyonyoa kuku ambaye hangeliwa na mgeni, na ambaye yeye mwenyewe hangemwonja, maana wanawake wa wakati ule hawakula kuku. Nilimwona akipangusa uso kwa mkono wenye manyoya.

Halafu likaja lile hubiri. Padri alisimama akatueleza maisha ya paroko yule wa Ufaransa: jinsi Kilatini kilivyomshinda shuleni, jinsi alivyopelekwa kijiji ambacho watu Jumapili walikuwa wanakunywa na kucheza ngoma.

"Hiyo ni Sirisia kabisa!" mzee mmoja akasema nyuma, na watu wakacheka.

Padri akacheka pia, akaendelea. Jinsi mtakatifu alivyowapa maskini godoro lake. Jinsi shetani alivyomtikisia kitanda. Na viazi: vinachemshwa mara moja, vinatundikwa kwenye kikapu, vinaliwa baridi, hata vikiota ukungu. Katekista alikuwa akitafsiri kwa Kibukusu, na kwa kuwa alipenda kuongeza nyongeza kama mwuza maharagwe, akamalizia, "Na hicho ndicho chakula cha mapadri watakatifu."

Kukhu akanishika mkono. Tulipotoka nje alikuwa anatembea kama msichana.

"Umesikia?" akaniuliza. "Masikini, anatuambia muda wote. Sisi tunamletea kuku!"

Lazima uelewe: kwetu mgeni mwenye adabu hataji anachotaka kula. Anazunguka. Anasema habari za shangazi yake aliyependa mtama, nawe unakwenda kutafuta mtama. Kwa Kukhu, habari za mtakatifu zilikuwa habari za shangazi. Padri alikuwa ameomba viazi, kwa adabu kubwa, mbele ya watu wote.

Sisi hatukupanda viazi. Tukaenda soko la Sirisia, ambako akina mama wa mlimani walivishusha kwa punda kutoka Cheptais. Kukhu alijitwika mkungu wa ndizi wa kubadilishana. Yeye alikuwa Mbukusu, mama wa viazi alikuwa Msabaoti, wakapigania bei kwa lugha ya katikati, Kiswahili ambacho hakuna hata mmoja aliyekuwa amekilipia karo.

"Hii ni viazi ama ni mayai ya kwale?" Kukhu akauliza.

"Ndizi yako nayo ni ndizi ama ni vidole vya mtoto?"

"Ongeza tatu."

"Naongeza moja, na hiyo moja nasikia uchungu."

"Ni ya padri, mama. Padri mtakatifu."

Yule mama akamtazama, akaongeza mbili, akasema, "Mwambie aombee punda yangu, iko na kidonda." Kukhu akanihesabisha, kisha akanihesabisha tena. Tabia hiyo nimeirithi, na imenipa kula mpaka leo.

Akavichemsha Jumatatu ya wiki ya misa. Akavitundika kwenye kikapu mbali na moto, akatukataza kuvigusa. Kila asubuhi alipanda kigoda kuvitazama. Kufikia Ijumaa vilikuwa vimeanza kutoa nywele za kijani, naye akashuka kigodani uso ukiwaka kwa furaha. "Sasa vinakaribia," akasema.

Jumapili ile ratiba ilikuwa imegeuzwa, Cheptais kwanza, sisi mwisho. Padri alikuwa hajala tangu jana na misa zote zilikuwa zimekwisha. Kukhu alipomkaribisha, akasema ndiyo. Hata katekista alishtuka. Nusu ya kanisa ikatufuata mpaka uani, na wasioingia wakasimama kwenye uzio.

Kukhu akamletea maji, akanawa. Akapiga magoti, akaweka sahani.

Padri alitazama viazi. Akamtazama Kukhu, ambaye alikuwa ameinamisha macho kama inavyopasa. Akatazama watu kwenye uzio, mmoja mmoja, na nadhani hapo alisoma kitu ambacho hakuna mtu aliyekuwa amemwandikia. Akamnong'oneza katekista. Katekista, jasho linamtoka, akamnong'oneza pia, na huo nadhani ulikuwa mnong'ono wa kweli wa kwanza katika kazi yake yote. Masikio ya padri yakawa mekundu.

Akafanya ishara ya msalaba. Akachukua kiazi, akakimenya kwa ukucha, akakila. Akachukua cha pili. Alikula taratibu, akitafuna, bila kukunja uso, mpaka sahani ikawa tupu.

"Asante, Mama," akasema. "Nimeshiba."

Mara hiyo neno lile lilikuwa la kweli. Kukhu alisimama pale uani hata baada ya pikipiki kupotea kabisa, ameshika sahani kifuani.

Mwezi uliofuata padri hakuja.

Ilikuwa msimu wa mvua, mito imejaa, lakini hakuna aliyetaka kusikia habari za mito. Jumapili ilipita tukisali rozari na katekista. Ya pili ikapita. Minong'ono ikarudi, na safari hii haikuwa na adabu. "Amezoea kuua weusi, sasa ameanza na wazungu," jirani akasema, bila hata kupunguza sauti. Kukhu akaacha kupika. Jiwe la wimbi lilikaa kimya, na hujui jinsi nyumba inavyokuwa kubwa asubuhi likinyamaza. Tulichoma ndizi tu. Siku moja, akinisuka nywele, akasema kama mtu anayesema habari za kuni, "Kama amekufa, nimemuua mimi." Mikono yake haikuacha kusuka.

Alikuja Jumamosi mchana, kwa miguu, matope mpaka magotini, vijana wanamsukumia pikipiki. Kanzu ilikuwa inamning'inia kama imeanikwa. Hakwenda kanisani. Alipita moja kwa moja mpaka kwetu, akachukua kigoda mwenyewe, akakipeleka katikati ya ua, mahali panapoonekana kutoka njiani, akakaa.

"Mama," akasema, "mvua ilinizuia. Nina njaa. Lakini leo nipe cha moto. Mimi si yule mtakatifu."

Sijawahi kuona jogoo akikamatwa haraka hivyo. Kukhu alipika huku analia na kuimba kwa pamoja, moshi ukatoka, jiwe likalia, ugali ukasongwa. Padri akapewa firigisi, ambayo kwetu ndiyo cheo cha mgeni, na kunde zilizopikwa kwa ile chumvi ya majivu. Alikula kwa kelele kabisa. Akaomba tena. Halafu akageukia uzio, ambako jirani alikuwa amesimama, na akapaza sauti.

"Mama, karibu chakula! Au umeshiba?"

"Kuku sisi wanawake hatuli, Padri," jirani akasema haraka.

"Kunde je?"

Jirani akafungua mlango wa ua. Akaingia. Akanawa mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akakata tonge, akachovya, akala. Tukangoja. Akatafuna, akameza.

"Chumvi imezidi kidogo," akasema.

"Ni kwa vile kwako huwa unasahau kutia," Kukhu akamjibu, na jirani akacheka mpaka akakaa chini.

Nilikuwa mama mwenye watoto nilipokutana na mzee aliyekuwa mpishi wa misheni. Aliniambia kwamba mwezi ule padri alilala kitandani akitapika mpaka wakafikiri watamzika. Alipoweza kusema, jambo la kwanza alilosema ni, "Mtu akiuliza, sema mvua." Na mvua ilikuwa imenyesha. Hakusema uongo, alichagua tu ukweli wa kutumia, kama tunavyofanya wote sokoni, ila sisi tunajifanyia wenyewe.

Baadaye alihamishiwa huku Kitale, akafia huku. Hakuna sanamu yake, wala nguo yake iliyowekwa kwenye kioo. Yule wa Ufaransa alikuwa na watu wa kuandika barua Roma ili atangazwe mtakatifu. Sisi hatukujua hata barua kama hizo zinaandikwaje.

Lakini kabla ya hapo alikuwa amembatiza Kukhu, mwaka babu alipofariki. Na Kukhu alipofariki, walikuja watu kutoka Sirisia yote, wakaja wa Bokoli, wakateremka wa Cheptais na punda wao. Tulipika kwenye jiko lake, kwa vyungu vyake, na hakuna mtu aliyekuwa ameshiba. Chakula kiliisha, tukapika tena, kikaisha. Jirani yule, ambaye sasa alikuwa mzee, hakupata kitu. Nilimkuta jikoni peke yake, amekumbatia chungu kitupu, anakwangua ukoko kwa kucha na kuula, machozi yakishuka mpaka kidevuni.

"Mama, ngoja nikupikie," nikamwambia.

"Hapana," akasema. "Nataka hiki chake."