Gauni la Kupimwa kwa Simu

Mtaa mzima ulimwita Fundi Jicho, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Miaka ishirini na saba nyuma ya cherehani ilimfundisha kumsoma mtu kuanzia mlangoni: kiuno inchi ngapi, mgongo umepinda wapi. Futi kamba aliichukua ili mteja aridhike tu.

Mtandao ulipokuja, aliupokea vizuri. Ulimletea wateja kutoka mitaa asiyoijua. Kila Jumapili ulimletea uso wa mwanawe aliyekuwa akifanya kazi nchi ya mbali, na kwa hilo aliushukuru kwa dhati. Lakini karaha zake! Mteja anaingia na kitambaa kisichotosha hata shati, anamwonyesha picha ya gauni la kuburuta sakafuni, "Nataka hili hili, fundi." Ukimwambia haiwezekani, anakuonyesha video.

Kisha mwanawe akataka kuoa.

"Mama, usijisumbue. Mchumba wangu atanunua gauni mtandaoni, linaletwa mpaka mlangoni."

"Mkwe wangu avae gauni la kununua, na mimi nipo hai? Uso wangu nitauficha wapi?"

Akalivalia njuga jambo hilo. Binti naye alikuwa mbali, hivyo akawa anampigia simu ya video ampime. Binti alikuwa mchangamfu, tabasamu haliishi. Lakini wakifika kifuani, picha inaganda.

"Thelathini na ngapi?"

"Mama, sikusikii, rudia!"

Akirudia, bando limekwisha. Fundi alitamani kuitupa simu dirishani.

Mwishowe akamwambia asimame wima, ajipige picha nzima, atume. Binti aliishi peke yake, akajipiga mbele ya kioo cha kabati. Fundi aliivuta picha kwa vidole mpaka akaona alichokuwa akikitafuta: bega la kulia limeshuka. Kwenye picha nyingine zote binti alikuwa amelifunika kwa mtandio. Fundi hakumuuliza. Mambo ya namna hiyo kwake hayaulizwi, yanashonewa. Akaweka pedi nyembamba ya kuinulia bega upande wa kulia, akajisifu kimoyomoyo.

Maharusi waliwasili siku mbili kabla ya harusi. Binti alilivaa gauni pale kibandani, mbele ya kioo kikubwa. Bega la kulia likainuka juu, la kushoto likaonekana limeporomoka kabisa. Alichokificha tangu utotoni kilikuwa kimeanikwa.

Binti alilifunika bega kwa kiganja. "Kumbe uliona, mama. Na mimi nilidhani nimelificha."

Fundi aliinyakua simu, akaitazama tena ile picha. Kioo! Picha ilipigwa kwenye kioo, kushoto kumekuwa kulia. Na yeye, anayesimama na wateja mbele ya kioo kila siku ya Mungu, hakukumbuka. Hasira zilimpanda, kwa simu, kwa bando, na zaidi kwa nafsi yake.

"Lidude gani hili! Linanionyesha mtoto, kumbe limemgeuza!"

Mwanawe akachungulia mlangoni. "Mama, kuna duka mtandaoni wanaleta kesho asubu—"

"Nyamaza!" Walimkemea wote wawili kwa pamoja.

Kisha binti akasema polepole, "Fumua, mama. Nipime upya."

Fundi aliichukua futi kamba, akairudisha mezani. Akaweka kiganja juu ya bega la kushoto. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa mkwewe.

"Limeshuka vidole viwili," alifoka. "Picha ilisema kimoja!"

Lakini mkono hakuuondoa. Miezi saba ya simu, miezi saba ya lile tabasamu, na hakuwahi kujua kwamba binti huyu akisimama mbele yake hutetemeka.