Maksai wa Mzee Koleo

Wananchi wote, wenye mifugo na wenye hamu ya kuwa nayo, mnatangaziwa kwa heshima na taadhima kwamba Taifa, baada ya kutafuta kwa muda mrefu, limempata Mlinzi wa Vinasaba. Mlinzi huyo ni Bwana Lameck Ndahani, mkulima na mfugaji wa kijiji hiki, ambaye kwa hiari yake, kwa upeo wake na kwa gharama zake mwenyewe amelihifadhia Taifa dume wa asili aliyedhaniwa kutoweka. Jina lake litaingia katika Ripoti ya Taifa ya Uhifadhi na Matumizi ya Anuwai ya Vinasaba vya Mifugo, sura ya nne, na ripoti hiyo itasomwa ng'ambo na watu waliovaa tai.

Hizo tai zimeongezwa hapa. Mengine yote yalisomwa hivyo hivyo kwa kipaza sauti, mbele ya ofisi ya kijiji kimoja cha ng'ambo ya reli, upande wa Gulwe, na aliyeyasoma ni Ursula, mtaalamu wa mifugo kutoka Dodoma mjini. Watu walipiga makofi. Makofi si hoja: tangaza kwa kipaza sauti kwamba nzige wako njiani, na kuna watakaopiga vilevile. Lameck alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha plastiki cha wageni, macho kwenye katambuga zake za matairi miguuni, kama mtu anayesomewa hukumu. Na kweli alikuwa anasomewa. Kwenye mkeka wa mbele, miguu ameikunja, alikaa Silvano, rafiki yake tangu jandoni, na sasa Silvano alikuwa amesikia.

Ili jambo lieleweke, lazima tuanzie kwenye koleo.

Kijijini hakuna anayemwita Lameck kwa jina. Anaitwa Mzee Koleo, kwa sababu ndiye anayehasi madume. Kazi aliirithi kwa mjomba wake, aliyetumia kamba na jiwe. Namna alivyovitumia haisimuliwi hapa, huenda kuna msomaji anakula. Lameck yeye alikuja kupata koleo kubwa la chuma, lile linalobana mishipa ya korodani bila kupasua ngozi. Dume hatoki damu, hutoka na mawazo tu. Mfuko wake hubaki unaning'inia pale pale, ila hauna kazi tena, kama ofisi ya mradi uliokwisha.

Kazi hiyo ina heshima yake na upweke wake. Watoto wa kiume wakimwona Mzee Koleo njiani hushika kaptula kwa mikono miwili. Harusini hukalishwa mbali na bwana harusi, na watani huuliza kama amekuja na chombo. Lameck hakuwahi kucheka. Alikuwa akiwajibu kwa sauti ile ile ya kuagiza chumvi dukani: "Zamu yako bado." Ndivyo alivyo. Maneno yake ni machache na yote yana ukubwa mmoja.

Ng'ombe wa upande ule ni wadogo, wa kijivu, nundu imelala upande mmoja kama kofia ya mlevi. Silvano alikuwa na dume wa aina hiyo, Jemadari, aliyempenda kiasi cha kumtungia nyimbo. Lameck alikuwa na wa kwake, wa damu hiyo hiyo, maana bibi yao alikuwa mmoja. Huyo aliitwa Karani, kwa kuwa aliwatazama watu kama karani wa dirishani: anakuona, lakini hana haraka nawe.

Kisha ukaja mradi. Siku hizi mradi ule hauna ofisi wala mwenyewe, kwa hiyo hakuna wa kumkasirikia. Ulikuja na mitungi inayotoa moshi wa baridi, na ndani yake mbegu za madume wa mbali, ambao picha zao zilibandikwa ukutani: wanene, wanang'aa, wamesimama kwenye majani ambayo Mpwapwa nzima haijawahi kuyaona. Wanakijiji wakaelezwa kwamba ng'ombe wao ni aibu, na kwamba ili mbegu mpya ishike, lazima madume wote wa zamani wahasiwe. Mkutano ukakubali. Kulikuwa na soda.

Usimamizi akapewa Fredy, afisa mifugo wa kata, kijana mchangamfu mwenye pikipiki. Fredy akamchukua Mzee Koleo, wakapita zizi kwa zizi.

Zamu ya Silvano ilipofika, Silvano mwenyewe ndiye aliyemshika Jemadari pembe. Kichwa cha dume kilimlalia begani, naye akawa anamwimbia polepole ili asihangaike. Akauliza, bila kumtazama mtu, kama kweli ni lazima. Lameck akamwambia ni lazima kwa wote, hata wa kwake kesho. Silvano aliposikia "hata wa kwangu", akatikisa kichwa kukubali, akaendelea kuimba. Koleo likabana.

Kesho yake Lameck akarudi nyumbani na koleo kwa ajili ya Karani. Mlangoni pa zizi alimkuta mke wake, Zipora, amekaa kwenye kigoda, anapepeta uwele. Palikuwa na uwanja mzima wa kupepetea uwele, lakini yeye alikuwa amechagua pale, katikati ya mlango, na ungo ulikuwa umeziba nafasi iliyobaki.

"Huyu hapana," Zipora akasema.

Lameck akamweleza kwamba kijiji kimeshakubali. Zipora akajibu kwamba kijiji hakikumnyonyesha Jordan. Jordan ni kifungua mimba wao. Mwaka aliozaliwa mvua ilikataa, na maziwa ya mama yake yakakauka. Kilichomweka hai ni kikombe kimoja cha asubuhi kutoka kwa bibi yake Karani, ng'ombe wa kijivu aliyekuwa anakula miiba huku wenzake wakianguka. Zipora hakuwa amesahau. Alikuwa amesubiri miaka mingi bila kujua anasubiri nini, na sasa alijua: alikuwa anasubiri mtu aje na koleo.

"Ukimgusa huyu," akasema, "chakula utakula kwa mama yako."

"Mama alishakufa."

"Ndivyo ninavyokwambia."

Nje ya boma Fredy alikuwa juu ya pikipiki, simu sikioni. Lameck akauruka ukingo wa ungo, akaingia zizini, akalibanisha koleo kwenye mti mmoja wa ua. Likalia kaa! Akatoka. "Tayari," akasema. Fredy akaandika tayari, na taarifa yake ikaenda wilayani ikisema kazi imekamilika kijiji kizima.

Tangu siku hiyo Karani akawa maksai. Alifungwa hata nira, akavuta jembe kama mtu aliyeitwa kwenye kikao kisichomhusu. Utasema wafugaji wana macho. Wanayo, lakini wana adabu pia. Nani atainama nyuma ya ng'ombe wa mhasi kukagua kama kazi imefanyika? Ni sawa na kumnusa mchungaji pumzi madhabahuni.

Hivyo uongo ukapata pa kulala, na aliyekosa usingizi ni mwenyewe. Jioni moja, kwa Silvano, wakinywa pombe ya mtama, Silvano aliuliza habari za Karani. "Amenona," Lameck akasema. "Maksai hunona." Silvano akamtazama kitambo, kisha akamwongezea pombe. Ilikuwa pombe nzuri. Lameck alisema baadaye kwamba ilikosa ladha kabisa.

Zipora alifariki mvua zilipoanza. Ilikuwa presha, na ilikuwa njiani kwenda hospitali, gari likiwa limekwama kwenye korongo lililojaa maji. Walimrudisha nyumbani kwa njia ile ile. Kigoda chake kilikuwa bado kipo mlangoni pa zizi, na hakuna aliyethubutu kukiondoa.

Asubuhi ya mazishi Silvano alionekana akija kwenye tope la njia, anamkokota Jemadari kwa kamba. Alisema msiba wa Zipora hauwezi kuliwa kwa maharage. Lameck alijaribu kumzuia, akashindwa kueleza sababu, maana sababu yenyewe ilikuwa imesimama zizini inacheua. Jemadari akachinjwa. Silvano mwenyewe akachagua mnofu mzuri, akamwekea rafiki yake mkononi, mbele ya watu. Lameck akala. Waliomwona akitokwa na machozi walidhani anamlilia mke. Alikuwa anamlilia mke pia.

Baada ya matanga aliamua kusema. Alifika mpaka uani kwa Silvano. Lakini mwaka huo mvua zilikatika mapema, ukame ukaingia, na ng'ombe chotara, watoto wa zile picha za ukutani, wakaanza kulala chini bila kuinuka. Lameck alimkuta Silvano amechuchumaa kando ya mtamba aliyekufa, anamfukuzia nzi mnyama asiyehitaji tena kufukuziwa nzi. Utamwambiaje mtu huyo kwamba wewe unaye dume wa zamani, mzima, anakula miiba? Akampa pole, akarudi. Ukweli nao una msimu wake wa kupandwa, na yeye ulimpita.

Miaka ikaenda. Mazizi ya kijiji yakaanza kujaa tena taratibu, ndama wadogo wadogo wa kijivu. Lameck hakuuliza wametoka wapi. Mwenye siri huwa hana muda wa kuchunguza za wenzake.

Huko mjini ukafika mwaka wa ripoti. Mataifa yana desturi ya kuandikiana habari za ng'ombe wao: nani bado yupo, nani amepungua, nani ametutoka. Mradi ule, ambao zamani ulikuwa unaandikwa kwenye sura ya Mafanikio, safari hii ulihamia sura ya Vitisho, bila kuaga. Ursula, ambaye anaishi Ipagala, Dodoma, na ana moyo mwema, alikabidhiwa mstari wa ng'ombe wa kijivu. Penye "madume wa kuzalia" alitakiwa kuandika "hawapo". Akakataa kumwandikia mtu kifo bila kumwona maiti. Akapanda gari hadi Gulwe, akampata Fredy, wakaanza kupita nyumba kwa nyumba.

Kwa Lameck alitoa shikamoo, akaitikiwa, akauliza habari za yule wa kijivu pale pembeni. Akaambiwa ni maksai. Na hapo Ursula, kwa kuwa ni mgeni na hakuna aliyemfundisha miiko, akafanya jambo ambalo kijiji kizima kilikuwa hakijalifanya. Aliinama.

"Mzee, huyu si maksai."

"Ni maksai."

"Mzee, naziona."

Fredy alikuwa anaangalia milima. "Labda zimeota tena," akasema.

Lameck akamvuta Ursula pembeni, akamwomba kwa sauti ya chini: mwanangu, hili usilitangaze kijijini. Ursula aliguswa sana. Alikuwa amewatembelea wazee wengi wanaotaka kupigwa picha, na huyu hataki hata kutajwa. Akaandika kwamba mhifadhi ni mnyenyekevu. Akampigia mwenyekiti, akaomba mkutano, viti na kipaza sauti.

Ndiyo maana siku ile, makofi yalipokwisha, Mlinzi wa Vinasaba alikuwa bado anatazama katambuga zake. Aliyesimama ni Silvano. Hakuinua sauti.

"Mimi nilizaliwa zizini, Lameck," akasema. "Shingo ya dume naijua hata gizani. Unadhani mitamba wangu nawapitisha korongoni kwako, Karani anakokula, kwa ajili ya maji?"

Watu kadhaa wakapata ghafla kitu cha kutazama chini. Nao walikuwa wakipita korongoni. Hakuna zizi pale kijijini lisilo na ndama anayetazama watu kama karani.

"Kwa dume sina neno," Silvano akaendelea. "Lakini ulikaa kwangu, ukanywa pombe yangu, ukaniambia maksai hunona. Nikakuchinjia Jemadari, ukala, ukanyamaza. Ungeniambia tu. Ningekuwa na mtu wa kumlilia Jemadari naye."

Kipaza sauti kilikoroma kidogo, kikanyamaza. Lameck akainuka kwenye kile kiti cha wageni, akavuka uwanja, akasimama mbele ya rafiki yake. Alikuwa amejiandalia maelezo kwa miaka, marefu, yenye mradi na ukame na Fredy ndani yake. Hakuyatoa.

"Nimekukosea, Silvano."

Wazee wakangoja. Kwa desturi ya pale, ng'ombe hulazwa kwa rafiki pakiwa na mapenzi, na hulazwa pia pakiwa na deni lisilolipika kwa namna nyingine. Anayelaza humkabidhi mwenzake sehemu ya maisha yake aichunge.

"Karani atalala kwangu," Silvano akasema mwishowe. "Na mwakani pia."

"Atalala."

Silvano akasogea kwenye mkeka, akaacha nafasi. Lameck akakaa. Kiti cha plastiki kikabaki kitupu mbele ya watu, na upepo ukakisukuma hatua chache.

Mkutano ulikuwa umemponyoka Ursula. Katika karatasi zake dume yuko kwa Ndahani, na dume ndiyo kwanza amehama mbele ya macho yake. Akakohoa. Akasogea hadi kwenye mkeka, akachuchumaa kwa adabu, akamwekea Lameck kipaza sauti mdomoni. Alisema Taifa, na mataifa mengine pia, yangependa kujifunza kutoka kwake. Ipo sehemu ya ripoti isiyoweza kuachwa wazi: ni mbinu gani ya uhifadhi iliyotumika?

Lameck alikitazama kile kipaza sauti, kisha akatazama upande wa nyumbani kwake, kwenye mlango wa zizi wenye kigoda.

"Andika mke alikataa."