Kilo Tatu za Fundi Koleo

Jina lake la kuzaliwa lilikwisha kusahaulika. Mtaa mzima ulimwita Koleo. Alikuwa fundi bomba, mtu wa miaka hamsini na miwili, mwenye viganja vipana kama sinia. Koki iliyoliwa na kutu, ambayo wenzake waliipaka mafuta wakaiacha mpaka kesho yake, yeye aliifunga kitambaa, akaikamata, akauma meno, na koki ikatii. Akikupa mkono wa salamu ulijua kweli umesalimiwa. Wapo waliozoea kumpungia kwa mbali tu, wakisingizia haraka. Mkewe alifuatana naye kazini kila siku, amebeba begi la vifaa, na kwa miaka kumi na tisa ya kumpa spana na kumshikia tochi, alikuwa ameijua kazi ile kuliko mafundi wengi wenye vyeti.

Kwa hiyo siku Koleo alipokabidhiwa kishikio cha chuma chenye saa ndogo kichwani, akaambiwa akibane kwa nguvu zake zote, alijiweka sawa kitini kama mtu anayetaka kuonyesha kazi.

Ilikuwa katika chumba cha mwisho cha ghorofa ya chini hospitalini, chumba chenye meza ndefu, mabakuli ya maharage makavu, na ubao uliopigiliwa makomeo, swichi na vitasa vya kila aina ili wagonjwa wajifunze upya kuvitumia. Mtaalamu wa mazoezi ya mikono mahali pale alikuwa dada mfupi, mdogo kwa umri kuliko binti wa kwanza wa Koleo. Wagonjwa walimwita Dada Vidole. Ilikuwa imepita miezi mitatu tangu Koleo ashonwe mkono wa kulia, na sasa, alisema Dada Vidole, kano zimeshika vya kutosha, zinaweza kupimwa nguvu.

"Kushoto kwanza."

Kushoto akabana. Mshale wa saa ukaenda mpaka arobaini na moja.

"Sasa kulia. Kiwiko kikae ubavuni, bega usilinyanyue. Bana."

Alibana mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Mshale ukajikokota, ukafika tatu, ukatulia hapo.

"Tena."

Tatu. Mara ya mwisho akakiegemeza kishikio kwenye paja na kusukuma kwa mwili mzima. Mshale ukaruka hadi kumi na mbili.

"Baba, hapo tumepima paja," Dada Vidole alisema taratibu. "Naandika tatu."

Pembeni mwa meza alikaa mwalimu mstaafu, mama mtu mzima aliyepooza upande mmoja mwaka uliopita. Alikuwa anaokota maharage moja moja na kuyatia kwenye kikombe. Yeye asubuhi ile alikuwa amepata kilo tisa kwenye kishikio.

"Usijali, fundi," alimwambia. "Mimi nilianza na moja. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini na chawa mwenyewe siku hizi hana haraka."

Watu wakacheka. Koleo akacheka kwa midomo tu, kisha akageuka kutazama benchi la wanaosubiri, kama yupo anayemfahamu. Kilo tatu. Begi lake la vifaa lilikuwa zito kuliko hizo.

Mkono wenyewe ulikuwa umekatwa juu ya kifundo, upande wa ndani. Kano nne za kuvuta vidole zilikatika, na mshipa mmoja wa fahamu. Wiki sita aliufunga kwenye gango la plastiki. Lilipotolewa, mkono ulikuwa umekonda kama wa mtu mwingine, na vidole viwili vya mwisho havikuhisi kitu. Siku moja aliviegemeza kwenye birika la moto, akajua kwa harufu kabla ya kujua kwa ngozi.

Kila aliyeuliza aliambiwa jambo moja. Jibu hilo Koleo alilitoa kwa mara ya kwanza palepale mapokezi, damu ikidondoka kwenye taulo ambalo mkewe alikuwa amelikaza kwa mikono miwili. Nesi aliuliza, "Umekatwa na nini?" Naye akasema, "Glasi. Mke wangu aliacha glasi iliyopasuka kwenye beseni la povu, nikaingiza mkono." Mkewe alimtazama. Kisha akatazama sakafu, na hakuachia taulo.

Uongo huo ukapata miguu. Ukafika kwa ndugu, kwa majirani, kwa wateja. Dada yake Koleo, mkubwa wa familia, mwanamke asiyemung'unya maneno, hakuja nyumbani hata mara moja bila kuigusia glasi ile. "Wifi, glasi inatupwa kwenye taka, haifichwi kwenye povu." Au, akimwona kaka mtu anakula kwa mkono wa kushoto, "Haya, wifi, tazama kazi yako." Mkewe Koleo alimkaribisha kiti, akamletea chai.

Siku ile ya kilo tatu Dada Vidole alimpa karatasi yenye michoro. Kusugua kovu kwa mafuta, mara nne kwa siku. Kukunja kila kidole peke yake. Kufinyanga donge la unga. Kubana vibanio vya nguo kwenye kamba. Kufunga vifungo vya shati. "Kovu linashika kama gundi," alimwonya. "Usipolisugua litazinasa kano, na zikinasa, mimi na madaktari wangu hatuna letu."

Mkewe aliibandika karatasi ukutani juu ya meza ya kulia. Jioni akaja na chupa ya mafuta, akavuta kiti, akanyoosha mkono kuupokea mkono wa mumewe. Koleo akaurudisha.

"Nitafanya mwenyewe. Baadaye."

Hiyo baadaye haikufika. Alimwachia mkewe amfunge vifungo vya shati kila asubuhi, yeye akitazama dari, maana hapakuwa na njia nyingine. Alimwachia amkatie nyama. Lakini kidole gumba cha mwanamke yule juu ya kovu lile hakuweza kukivumilia. Na kulisugua mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, kulimtaka alitazame, nalo hakutaka kulitazama.

Baada ya wiki tatu walipima tena. Mwalimu mstaafu alipata kumi na nne, akaonyesha kila mtu sahihi yake, imepinda lakini inasomeka. Koleo alipata tatu na nusu. Dada Vidole akafunua rula yake yenye bawaba, akapima vidole vinavyojikunja, akaandika, akafuta, akaandika tena. Kisha akavuta pazia la kona na kumwita nyuma yake.

"Baba, mazoezi unafanya?"

"Nafanya."

"Mkono wako unasema hufanyi."

Koleo akauingiza mkono mfukoni.

"Ulisema ni glasi ya kwenye beseni," dada akaendelea kwa sauti ya chini. "Waliokatwa hivyo nawapata kila mwezi. Wanakatwa vidoleni au kiganjani. Wewe umekatwa hapa juu, na una alama ndogondogo kwenye ngumi. Sitaki kukusuta, na polisi mimi siyo. Nataka kujua mambo mawili tu. Nyumbani yupo mtu wa kukusaidia mazoezi? Na mtu huyo, yuko salama?"

Maisha yake yote Koleo alikuwa ameambiwa mengi, mengine ya kuudhi. Hakuna lililowahi kumwingia kama swali lile, kutoka kwa msichana wa umri wa kuwa binti yake. Masikio yalimwaka. Alitaka kusema, "Mimi siyo mtu wa namna hiyo," lakini hakuyasema, kwa sababu hakuwa na hakika nayo.

Ukweli wenyewe ulikuwa mfupi. Siku ile walikuwa wanafunga pampu kwa mteja, na mkewe akasema mbele ya mwenye nyumba, kwa upole tu, "Baba watoto, hiyo valvu umeifunga kinyume." Ilikuwa kinyume kweli. Mwenye nyumba akatabasamu, akasema, "Kumbe fundi ni mama." Koleo alitembea mbele njia nzima, bila kugeuka. Walipofika nyumbani akaanza kufoka, mkewe akaingia jikoni akafunga mlango ili mumewe amalize mwenyewe hasira zake. Mlango ule ulikuwa na kioo katikati. Nyuma ya kioo kulikuwa na uso wa mkewe. Koleo akarusha ngumi.

Hakuwahi kumpiga mkewe, si kabla ya hapo wala baadaye. Ngumi iliishia kwenye kioo, na mkono ulikatika wakati anauvuta kutoka kwenye vipande vya kioo. Lakini tangu siku ile alikuwa amejiuliza, na hakupata jibu la kumpumzisha: ngumi ile aliirusha kwa kioo, au kwa uso uliokuwa nyuma yake?

"Yuko salama," hatimaye alimjibu Dada Vidole. "Lakini kukuambia kwamba una haki ya kuuliza, nakwambia. Unayo."

Jumapili iliyofuata dada yake alikuja kula chakula cha mchana. Koleo alikuwa amepiga moyo konde: leo nasema. Dada mtu alipoona vibanio vya nguo mezani akaguna. "Mwanamume mzima kuchezea vibanio. Wifi, Mungu akupe nini tena?" Koleo akafungua mdomo. Akasema, "Dada, ongeza mchuzi." Mkewe akampitishia bakuli yule wifi, na Koleo akaona mkono wake umetulia kabisa, kama mkono wa mtu aliyekwisha kuzoea.

Mgeni alipoondoka alimfuata mkewe jikoni. Kioo cha mlangoni kilikuwa bado hakijarudishwa; palipigiliwa kipande cha ubao.

"Nilikukosea," alisema. "Nilirusha ngumi, kisha lawama nikakubebesha wewe."

Mkewe aliendelea kusuuza sahani. "Mimi unaniambia nini? Mimi nilikuwepo. Kawaambie ambao hawakuwepo."

"Nitawaambia."

"Na jambo lingine." Aliifunga koki. "Mpaka leo ukipita nyuma yangu ghafla, mabega yangu yanapanda yenyewe. Siyapandishi mimi. Nilitaka ujue."

Koleo alitamani apigwe.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa dada yake kwa miguu. Alimkuta yeye na shemeji wanakunywa chai, akakataa kukaa. Alisema yote akiwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, tangu valvu mpaka nesi wa mapokezi. Hakupunguza. Shemeji aliweka kikombe chini na kutazama dirishani.

"Miezi minne," dada mtu alisema mwishowe. "Miezi minne nimemtukana mtoto wa watu kwenye nyumba yake, akininywesha chai. Na wewe umekaa hapo unanisikiliza."

"Ndiyo, dada."

"Marehemu mama angekutazama vipi?"

Dada akachukua mtandio wake, akapita mbele yake bila kumgusa, akaenda nyumbani kwa wifi yake. Walichozungumza wanawake wale wawili Koleo hakuambiwa, na hakuuliza. Alijua tu kwamba tangu hapo, kila dada yake alipokuja, aliingia moja kwa moja jikoni, akaosha vyombo yeye, na kwa kaka yake alikuwa na salamu fupi.

Jioni hiyo Koleo alishusha karatasi ukutani, akajipaka mafuta, akalitazama kovu. Lilikuwa limekunjamana, la rangi ya zambarau, na alipoliminya aliona ngozi inavutwa pamoja na vidole. Alisugua mpaka machozi yakamlenga. Mkewe alikuwa amekaa upande wa pili wa meza anashona pindo la pazia. Hakusogea. Lakini alipoona anasugua kwa urefu badala ya mviringo kama mchoro ulivyoonyesha, alisema, "Zungusha," na akaendelea kushona.

Alizungusha. Kila siku, mara nne. Alifinyanga unga mpaka ukawa mweusi. Alifunga kifungo cha juu cha shati kwa dakika kumi na moja, kisha kwa sita. Vibanio vilimponyoka, vikaruka chini ya kabati, akavifuata kwa magoti. Mwezi uliofuata kishikio kilisema nane. Kisha kumi na tatu. Dada Vidole alimkalisha mbele ya ubao wa makomeo, akamfunga macho na kumgusa vidole kwa uzi mwembamba mgumu, akimuuliza kipi kimeguswa. Cha pete kilianza kujibu, cha mwisho hakikujibu. Mwaka ulipokaribia kwisha alipata ishirini na mbili.

"Pengine utaishia hapa, au mbele kidogo," dada alimwambia bila kumficha. "Tungepata zaidi kama tungeanza mapema. Wiki zile za mwanzo ndizo zilizokula kano."

"Najua nilikokuwa wiki zile," Koleo alisema. Kidole cha mwisho kilibaki kimejikunja, hakinyooki wala hakifungi.

Alirudi kazini, lakini kazi ilikuwa imegeuka. Mkewe sasa ndiye aliyekaza na kulegeza, amelala chali chini ya sinki. Koleo alikata mabomba, akapaka gundi, akabeba begi kwa mkono wa kushoto. Wateja wengine walitania, naye akakubali utani.

Siku moja walikuwa kwa mama mmoja, mteja mpya, bafuni kunavuja. Mama yule alisimama na kikombe chake, akautazama mkono wa Koleo, akauliza kama wanavyouliza watu, "Pole, fundi. Huo ulipatwa na nini?"

"Nilipiga ngumi mlango wa kioo," Koleo alisema. "Kwa hasira. Mke wangu alikuwa upande wa pili."

Mama yule hakusema pole tena. Alimtazama mwanamke aliyekuwa chini ya sinki, akamtazama Koleo, akarudi hatua mbili na kukaa kwenye kiti cha karibu na mlango, na hapo alikaa mpaka kazi ilipokwisha. Koleo aliendelea kufuta maji sakafuni, ameinamisha uso.

Barabarani mkewe alitangulia, spana kubwa begani.

"Ungeweza kumwambia ajali tu," alisema. "Hatakuita tena."

"Hataniita," Koleo alikubali. "Anaweza kukuita wewe."

Mkewe akamtazama kidogo, akahamisha spana kutoka bega hili kwenda lile, na wakaendelea kwenda kwa mteja wa pili.