Kitonga, Fundi Aliyetaja Ukuta kwa Mikono

Kitonga Muli alipoteza uwezo wa kusikia akiwa na miaka tisa. Alishikwa na homa ya uti wa mgongo huko kwao Kalama, akalazwa majuma matatu. Siku aliyoruhusiwa kutoka hospitali, mama yake, Syokimau, alimwita wakiwa njiani akaona mtoto hageuki. Akamwita tena kwa sauti. Hakugeuka. Shule aliiachia darasa la tatu, kwa kuwa walimu hawakujua wamfanyie nini. Haya nayataja mapema ili niyamalize, maana mwenyewe hapendi yawe ndiyo habari yake. Akikutana na mgeni hujieleza kwa kitendo kimoja: hufanya kama anachota udongo kwa mwiko, anautandaza, kisha analaza jiwe juu yake na kuligonga mara mbili. Huyo ndiye yeye.

Mimi naitwa Musau. Nimejenga naye zaidi ya miaka ishirini, yeye akiwa kona ile na mimi kona hii, uzi ukiwa katikati yetu.

Nilimkuta mjini Machakos kwa mjengo wa Shire, mfanyabiashara wa vifaa vya umeme aliyekuwa akijijengea duka la ghorofa mbili. Kitonga alikuwa na miaka ishirini na miwili na kazi yake ilikuwa kubeba mawe. Niliona jinsi alivyokuwa akiyapanga karibu nasi, kila jiwe uso wake mzuri ukitazama nje, nikamuuliza msimamizi kwa nini mtu kama huyo hapewi mwiko.

"Huyo hasikii," msimamizi akasema. "Kubeba anabeba sawa. Lakini nikitaka ashushe uzi, nitamwambiaje?"

Wiki hiyohiyo tuliletewa mashine ya kukoroga zege. Ilinguruma kutoka asubuhi mpaka jioni, hata ukimpigia mwenzako kelele akiwa hatua tatu kutoka kwako, anaona tu mdomo ukifunguka. Mimi na fundi mwenzangu Mike tulikuwa tunapandisha kozi ya saba. Kozi, kwa asiyejua, ni mstari mmoja wa mawe kutoka kona hadi kona, na uzi unaofungwa kutoka huku hadi kule ndio unaokuonyesha kwamba mstari huo umenyooka.

Kitonga akashusha jiwe begani, akautazama uzi, akanijia. Alikunja ngumi mbili, akazitenganisha kana kwamba anavuta kamba, halafu akaonyesha kwa kidole katikati pakibonyea. Nilimpungia mkono aendelee na kazi yake. Hakwenda. Alinishika kiwiko akanipeleka hadi katikati ya ukuta, akachukua pima maji yangu, kifaa cha kupimia ulalo, akaiweka juu ya mawe. Lile tone la hewa lilikimbilia upande mmoja. Uzi ulikuwa umelegea, nasi tulikuwa tumeufuata tu. Ukuta ulikuwa umeshaanza kushuka tumbo.

Mike alikuwa kule mwisho akiendelea kulaza mawe. Nikaita mpaka koo likaniuma. Mwishowe nikakunja ngumi mbili nikafanya kama alivyofanya Kitonga. Mike akaelewa papo hapo, akaacha mwiko.

Tuling'oa mawe kumi na moja. Shire alikuwa amesimama mlangoni, ameona yote. Alimwendea msimamizi, akamwambia karibu na sikio, na baadaye msimamizi mwenyewe ndiye aliyetueleza maneno yake: "Huyu jamaa ako na jicho kuliko nyinyi wote. Mpe mwiko leo, usingoje kesho."

Basi Kitonga akashika mwiko. Nami nikaanza kujifunza lugha yake.

Kila kitu cha kazi yetu alikuwa amekipa jina la mkono tangu zamani, akiwa peke yake, kwa kutazama tu. Pima maji ilikuwa kiganja kilichonyooka, na kidole juu yake kikitetemeka huku na huku hadi kitulie katikati. Timazi, kile chuma chenye uzi tunachokiteremsha kuona kama ukuta umesimama wima, ilikuwa ngumi ikining'inia chini ya vidole viwili, ikibembea kidogo, kisha inatulia. Kozi ilikuwa mkono kulala juu ya mkono. Jiwe linalolala kwa urefu tunaliita ubavu, naye alijigonga ubavuni. Lile linalokata ukuta, ambalo nje huonekana kichwa chake tu, tunaliita kichwa, naye alijigonga kipaji cha uso kwa ngumi.

Iliyonishangaza zaidi ilikuwa ishara yake ya kufunga mawe. Aliingiza vidole vya mkono mmoja katikati ya vidole vya mwingine na kuvuta, visiachane. Hivyo ndivyo jiwe la juu linavyopaswa kukalia maungio ya mawe mawili ya chini. Akitaka kukuonya kwamba umeyapanga maungio yakafuatana, aliweka ncha za vidole kwa ncha, halafu mikono ikaachana katikati, ufa kutoka juu hadi chini. Nimefundishwa jambo hilo na watu watatu, wote wakizungumza, na hakuna aliyenielewesha kama yeye.

Miaka ikaenda. Tulijenga Wamunyu, tulijenga Athi River, na nyumba nyingi za watu huku kwetu. Alioa, akapata binti, Kavindu. Jumapili alianza kwenda kwenye ibada ya viziwi mjini, na huko akajifunza lugha ya ishara ya Kenya, ile wanayotumia viziwi wote. Mkalimani wa ibada hiyo alikuwa mama mmoja mwalimu, Nduku. Mafundi wengi wa Kalama wanaojenga leo waliusomea ukuta kwa Kitonga.

Mwaka wa 2022 shule ya sekondari ya huko kwao, ambako Kavindu alikuwa kidato cha pili, ikapata pesa za kujenga bweni. Mwanakandarasi alikuja na sharti: atakayelaza jiwe lazima awe na cheti cha mtihani wa ufundi. Asiye nacho atabeba. Mimi nilikuwa nacho. Kitonga hakuwa nacho. Siku ya kuandikisha, walimweka kwenye orodha ya wabebaji, wakamkabidhi karai.

Aliliweka karai chini polepole, akaniuliza kwa mikono: mtihani ni wapi?

Tulikwenda naye, mimi na Nduku. Sehemu ya kwanza ilikuwa vitendo, kujenga kona yenye kozi sita. Kona yake ilisimama wima kiasi kwamba mtahini, Bwana Bartholomew, mzee wa miwani na koti refu la kazi, aliipima mara mbili kama mtu asiyeamini pima maji yake.

Kisha ikaja sehemu ya mdomo.

"Muulize, kifaa cha kupimia wima kinaitwaje?"

Nduku akauliza. Kitonga akaning'iniza ngumi.

"Anasema..." Nduku alisita. "Kengele?"

"Na cha kupimia ulalo?"

Kitonga akatoa kiganja na kidole kinachotetemeka.

"Mdudu anatembea mkononi."

Bartholomew akaandika. "Jiwe linalolala likikata ukuta?"

Kitonga akajigonga kipaji cha uso.

"Anasema kichwa kinamuuma," Nduku akasema kwa sauti ndogo, na mimi kule nyuma nikasimama kutaka kusema. Nikaambiwa nikae, mtazamaji haruhusiwi kujibu.

Nduku hakuwa na kosa. Lugha anayoijua ilikuwa na ishara ya Mungu, ya hospitali, ya mahakama. Timazi haikuwa nayo, kwa maana hakuna mtu aliyekuwa ameipeleka huko. Kitonga akaanguka mtihani. Bartholomew alimpa mkono akasema vitendo vyake ni vya kwanza kati ya watu thelathini, ila bila majibu ya mdomo hawezi kumpitisha.

Nduku alilia njiani. "Fundi, nisamehe," akamwambia kwa ishara na kwa mdomo pamoja. "Mimi ndiye nimekuangusha."

Kitonga alimtazama, akatikisa kichwa. Halafu akamwonyesha: kesho, saa mbili, kuja kwa ukuta.

Nduku akaja. Tulikuwa tunajenga nyumba ya jirani, Mama Kasyoka, na kwa miezi minne, kila Jumamosi, mwalimu huyo alivaa gambuti akakanyaga udongo pamoja nasi. Kitonga hakukubali ajifunze kwa kutazama tu. Alimpa mwiko. Alimfanya ateremshe timazi mwenyewe, angoje itulie, ndipo amwonyeshe ishara yake. Nduku akipotosha ukuta, Kitonga aliubomoa mbele yake, bila hasira, na kumwonyesha aanze tena. Kila jioni Nduku aliandika daftarini: jina kwa Kiswahili, jina la kitabuni, na mchoro wa mkono. Zilifika ishara sitini na nne. Zile ambazo Kitonga hakuwa nazo walizitunga wote wawili, wakabishana, na nikawaona wakicheka mpaka Mama Kasyoka akauliza kama kuna kazi inayofanyika.

Walirudi kwa mtihani mwaka uliofuata. Bartholomew ndiye aliyekuwepo tena. Aliisikiliza habari ya daftari, akavua miwani.

"Mwalimu, sasa wewe unajua kazi hii. Nitajuaje ni yeye anajibu na si wewe?"

Kitonga alitaka kujua mzee amesema nini. Nduku akamwambia. Akafikiri kidogo, akatoa mpango: Bartholomew amnong'oneze Nduku jina, Nduku atoe ishara tu, naye ataenda kukigusa kitu chenyewe kwenye uwanja wa kazi.

Wakafanya hivyo. Timazi. Mwiko. Kozi ya tatu kutoka chini. Kichwa. Ubavu. Linta iliyo juu ya dirisha. Kitonga alitembea kutoka kitu kimoja hadi kingine akikigusa kwa ncha ya vidole, bila haraka, kama mtu anayekuonyesha nyumba yake. Watahiniwa wengine waliacha kazi wakasimama kutazama.

Swali la mwisho Bartholomew alilitafuta. Aliuendea ukuta uliojengwa na mtahiniwa mwingine asubuhi hiyo, akauliza, "Huu uko na shida gani?"

Kitonga aliutazama sekunde tatu hivi. Aliweka ncha za vidole kwa ncha, akampelekea macho mzee, kisha mikono ikaachana polepole kutoka juu hadi chini. Halafu akaingiza vidole kati ya vidole, akavuta, visiachane, akaelekeza kidole kwa jiwe la pili la kozi ya nne.

Nduku alifungua mdomo.

"Hapana," Bartholomew akasema. "Hiyo usinitafsirie. Nimeona." Akalitazama lile jiwe la pili, akainua mikono yake mwenyewe, akajaribu kufunga vidole kama Kitonga.

Cheti kilikuja baada ya mwezi. Kitonga alikipeleka kwanza kwa mama yake, na Syokimau, ambaye hasomi, alikishika kwa mikono miwili akamuuliza mjukuu wake, "Kavindu, hapa ndipo jina lake?" Kavindu akamwonyesha mahali. Mama akaligusa.

Bweni lilikuwa limefika madirishani. Mwanakandarasi alimpa Kitonga kona ya mbele, ile inayoonekana kutoka langoni, na baada ya wiki mbili akampa kona zote nne. Kavindu alilala katika bweni hilo mpaka alipomaliza kidato cha nne, na marafiki zake wanajua ni nani aliyelijenga kwa sababu aliwaambia wote, siku ya kwanza, kabla hata hajatandika kitanda.

Sasa kuna darasa la viziwi watu wazima katika chuo kimoja cha ufundi mjini. Wako tisa. Kitonga anawafundisha Jumanne na Alhamisi, Nduku akiwasomea nadharia kutoka daftari lile, ambalo limechapishwa na kutiwa jalada. Wawili kati yao wamefanya mtihani na kupita mara ya kwanza, na hakuna mtahini aliyeambiwa habari za mdudu.

Mwezi uliopita nilialikwa nikaone. Kitonga alinisimamisha mbele, akawaeleza kwamba mimi ndiye mtu wa kwanza aliyesikia mikono yake. Niliona aibu kidogo, na furaha. Nikataka kuwaonyesha kwamba bado ninajua, nikatoa ishara ya timazi.

Mwanafunzi wa mbele, dada mmoja anayeitwa Farhia, alinyanyuka. Alinishika ngumi, akaisogeza chini ya vidole vyangu mpaka ikawa wima kabisa, akarudi nyuma, akaniangalia kwa jicho moja kama fundi anavyoangalia kona. Darasa zima likatikisa mikono hewani, ndivyo wanavyopiga makofi. Kitonga alikuwa anacheka kuliko wote.