Nilivyojisalimisha kwa Mke Wangu

Bora mlisikie kwangu kabla hamjalisikia kwa watu wa Muyinga, maana wao wanalitia chumvi: mimi Fabien, fundi wa kushona, mwanamume wa miaka thelathini na sita niliyefunga ndoa mbele ya padri, nilijipeleka mwenyewe nikawa mateka wa vita, tena si vita vya kweli, vita vya kwenye simu, na sababu ni wivu. Chekeni kwanza, mkimaliza niendelee.

Mke wangu anaitwa Goreth. Wote wawili tulikulia Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, tukarudi nchini kwetu tukiwa watu wazima, mimi nikaweka cherehani yangu hapa Gitega upande wa Mushasha, ninashona sare za wanafunzi, yeye akapata kazi ya ualimu Muyinga, kwa hiyo anakaa huko na kuja nyumbani kila baada ya wiki mbili. Huko Muyinga, akishamaliza kusahihisha madaftari, alianza kucheza mchezo mmoja wa mtandaoni ambao watu wanaigiza vita: nchi mbili za kubuni, Milimani na Ziwani, kila mchezaji ana jina la kijeshi, unaandika askari wako anafanya nini na anasema nini, wengine wanakujibu. Goreth wangu (huyuhuyu anayekimbia mjusi) ndiye mkuu wa kambi ya mateka ya Milimani. Kamanda Nyota.

Mimi nilikuwa nauita mchezo wa watoto. Mpaka Jumamosi moja tunakula, nikamwona anatazama simu na kutabasamu, tabasamu lile ambalo mimi nililiona mara ya mwisho siku ya posa.

"Nani huyo?"

"Mateka wangu," akasema. "Luteni Mvua. Ameandika barua kwa mama yake, nzuri mno."

"Mateka gani wa kukuchekesha?"

"Fabi, kula, maharage yanapoa."

Yangepoa tu. Alipoondoka kesho yake nikafanya kale kauamuzi kadogo kalikonimaliza: nikajiandikisha kwenye mchezo upande wa Ziwani, nikajipa jina la Koplo Radi, na siku hiyohiyo, bila kufyatua hata risasi moja, nikaandika, "Koplo Radi anatupa bunduki, anainua mikono, anaomba apelekwe kwa Kamanda Nyota." Nilitaka niingie kambini nione kwa macho yangu.

Kumbe mateka ana taratibu zake. Kwanza nikaulizwa jina, cheo na namba, nikapekuliwa, nikaandikwa kwenye daftari la kambi, nikapewa sahani na mahali pa kulala. Mke wangu mwenyewe ndiye aliyenipokea, bila kunijua, akaniandikia, "Koplo, vua mkanda, kaa chini, usiongee mpaka uulizwe." Haya. Dakika mbili baadaye namsoma akimwambia yule mwingine, "Luteni, mguu wako unaendeleaje leo? Mwongezeeni blanketi." Jamani, blanketi la maneno! Hakuna pamba wala uzi, lakini mimi, mtu wa vitambaa, nililala nimekasirika kwa ajili ya lile blanketi.

Nikaanza vituko. Nikaandika kwamba Koplo Radi ana homa kali, nikidhani Kamanda atakuja kunishika paji la uso, akanitumia daktari wa kambi, mchezaji mmoja kijana wa mji wa Ngozi, akaniandikia vidonge. Nikaandika barua kama ya Luteni, nikarudishiwa kwamba haisomeki. Mwisho nikafanya ubaya: nikamripoti Luteni Mvua kuwa ameficha kisu chini ya godoro. Wakapekua kambi nzima, hakuna kisu, na Kamanda Nyota akanihukumu siku tatu za kukaa peke yangu kwa kumsingizia mwenzangu, maana yake siruhusiwi kuandika neno, ninasoma tu. Siku tatu nikawasoma wale wawili wakizungumza. Anamuuliza siku yake ilikwendaje, na Luteni anamuuliza naye, umekula, umepumzika, wanafunzi wako wamekusumbua? Nilishona mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja.

Halafu Goreth akanipigia. "Jumamosi hii siji. Kuna kubadilishana mateka, na sisi wa huku tutakutana ana kwa ana. Kuna ukumbi nyuma ya duka moja, watu watasikiliza wote kwa spika."

"Na Luteni wako atakuwepo?"

"Atakuwepo, ndiyo. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Jumamosi saa sita nikapanda taksi ya Muyinga. Nilivaa koti la bwana harusi mmoja ambalo sijalimaliza, bado lina nyuzi nyeupe za kushikizia (nilitaka huyo Luteni akiniona ajue kuwa Goreth ana mume). Tulipopita Karuzi nikafungua mchezo nisikilize, kwa sababu siku ya kubadilishana wachezaji wanaongea kwa sauti, nikaona watu wanageuka kunitazama, nikapunguza sauti mpaka mwisho, simu nikaitia mfukoni. Nikadhani nimefunga mlango. Kumbe nilikuwa nimejiziba masikio tu, mdomo nimeuacha wazi.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa Gishubi anayekwenda kumwona binti yake. Akaniuliza, "Baba, mbona we iko na sura ya msiba?" Basi nikafunguka. Nikamwambia yote: mke, kambi, Luteni, blanketi. Nikasema Luteni ni mwanamume muongo, kilema wa kujifanya, mguu gani hauponi mwezi mzima.

"Yoo! Na we unamupenda huyo bibi?"

"Mama, tangu ahamie huko nyumba imekuwa kimya mpaka nasikia panya wakitafuna. Nakula chakula cha jana. Namkumbuka mpaka naona aibu kumwambia, nikimpigia namuuliza tu kama amefika, basi, nakata."

"Eh bien, basi, si umwambie?"

"Nitamwambiaje, na mimi ni Koplo Radi?"

Niliuliza njia mpaka nikafika ule ukumbi, nikasukuma mlango kwa nguvu ili waone nimekuja. Kama watu thelathini kwenye mabenchi, kimya, wote wananitazama, na hakuna aliyeshtuka. Nikakohoa. Spika ukutani nayo ikakohoa. Nikapiga hatua, spika ikapiga hatua. Nikasema, "Goreth yuko wapi?" na sauti yangu ikanijia kutoka juu, kubwa kama ya kasisi: Goreth yuko wapi.

Nikaitoa simu mfukoni, naona kale kataa kekundu ka maikrofoni kanawaka. Saa nzima. Tangu Karuzi.

Kicheko kilichopasuka pale sitakisahau. Mtu akaita, "Koplo, koti iko na nyuzi!" Mbele kabisa akainuka mwanamume wa miaka hamsini hivi, Mhindi mwenye duka, mguu wake una plasta mpaka gotini, mke wake amemshika mkono. "Karibu, Koplo," akasema kwa upole, "mi ndo Mvua. Nilianguka kwa ngazi ya stoo. Haijapona bado, samahani." Mke wake alikuwa anajifuta machozi ya kucheka kwa ncha ya mtandio.

Goreth alisimama pembeni ya meza, hacheki. Akachukua kipaza sauti. "Huyu ni mateka wa kambi yangu," akasema, "na mateka hachekwi mbele ya watu. Anayecheka atoke." Wakanyamaza. Akanishika mkono akanitoa nje, tukasimama nyuma ya duka kwenye maboksi matupu.

"Ungeniuliza, Fabi. Umemsingizia mtu mgonjwa kisu."

"Ninajua."

"Umenifanya nikuhukumu bila kujua ni wewe."

Halafu nikauliza, "Ulikuwa na uwezo wa kuninyamazisha kutoka hapa. Mbona uliniacha saa nzima?"

Akachuma uzi mmoja begani mwangu. "Nilikuwa nimeshaweka kidole kwenye kitufe. Ukasema unanikumbuka. Mwaka mzima sijalisikia hilo, ukalisema kwa mama wa Gishubi."

Tukarudi ndani nikamwomba Luteni msamaha mbele ya wote, akanipa mkono. Kisha mateka wakabadilishwa mmoja mmoja, na ilipofika zamu yangu, Ziwani wakakataa kunipokea. Walisema hawanijui, sijawahi kuwapigania hata dakika moja. Kwa hiyo mpaka leo niko kambini, na mateka anaruhusiwa barua moja kwa wiki. Namwandikia Goreth kwa jina langu, namwuliza amekula, amelala vipi, nani amemsumbua darasani.

Nimeapa sitamchungulia mke wangu tena kwa jina la bandia. Wivu ukinishika, nauliza waziwazi. Na nimeshauliza. Wiki iliyopita Luteni, ambaye ameshaachiwa lakini bado anamwandikia, alijibiwa mistari kumi na miwili, mimi mitano. Nikampigia palepale: mbona yake ndefu?

"Andika vizuri," akasema Kamanda Nyota.