Siku Niliyosema Simjui Masika

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa bado msichana wa kubeba gunia la maharagwe peke yangu, tulitoka Beni kurudi Butembo juu ya gari la mizigo. Kando yangu alikaa jirani yangu Masika. Alikuwa mjane, kiziwi tangu utoto, aliyekimbia vita kule Kasugho. Karatasi zake za utambulisho ziliungua pamoja na nyumba.

Kwenye barieri, kizuizi cha askari barabarani, tukasimamishwa. Askari mmoja, mgeni wa mkoa wetu, akamwomba Masika karatasi. Hakusikia. Akauliza tena kwa ukali, na Masika akatoa ile sauti yake ya kukwaruza.

"Anajifanya bubu," askari akasema. "Huyu ametoka kwa waasi. Shuka!" Kisha akanigeukia. "Na wewe, unamujua?"

Bunduki ilikuwa karibu na uso wangu.

"Hapana," nikajibu. "Nimemukuta tu mu gari."

Masika alikuwa hasikii, lakini alijua kusoma midomo. Aliisoma yangu.

Gari likaondoka bila yeye.

Nyumbani nilijitetea mbele ya shangazi yangu Kahindo: "Mais, lakini hata banaume bila karatasi banashushwa!"

"Mwanaume ataeleza kwa kinywa," akasema. "Kiziwi mwenye ndugu, ndugu atamusemea. Mukimbizi mwenye bwana, bwana atamutafuta. Masika hana hata kimoja, na yuko mwanamuke peke yake kati ya baaskari. Donc, basi, alikuwa na mutu mumoja tu. Wewe."

Kulipokucha mimi na shangazi tulirudi kwenye ile barieri na mkuu wa mtaa wetu. Tulimkuta Masika ameketi chini nyuma ya kibanda, hana kitambaa cha kichwa, hana viatu. Mkuu alipomsemea, askari wakamwachilia. Yaliyompata hakumweleza mtu, wala hakunitazama tena mdomoni nilipomsemesha.

Barieri bado zipo, nami bado moyo hunidunda kila gari linapopunguza mwendo. Sikukatazi kuogopa. Lakini ukimwona mtu anaonewa, usiulize shida yake ni ipi. Uliza ni zipi, na namna moja inavyomzibia njia ya kuiponyoka nyingine. Kisha, hata kama sauti inakutetemeka, sema unamjua.

Mungu akupe ulimi usiokauka siku hiyo, mwanangu, akurudishe nyumbani mzima, wewe na uliyetoka naye.